Ameacha bangi wiki ya tatu sasa, bado anasikia sauti. Ni bangi au ugonjwa wenyewe?

Mnasihi_Chuo: Wakuu, salaam. Kesi hizi nazipokea kila muhula: kijana wa miaka 19 hadi 24, msokoto kila siku, ghafla anasikia sauti na kudai wenzake wa hosteli wanamtega. Hospitali anaanzishiwa dawa, bangi anaacha, lakini wiki ya tatu sauti zipo palepale. Wazazi wanataka apimwe mkojo kila wiki, na wanauliza dawa ataacha lini. Mnawajibuje?

Muuguzi_Akili: Mkojo usiwe hakimu. THC, kemikali ya bangi inayolevya, hujificha kwenye mafuta ya mwili, na kwa mvutaji wa kila siku kipimo kinaweza kusoma chanya mwezi mzima au zaidi baada ya kuacha. Ukimwita mwongo kwa sababu ya kipimo hicho, hatakuja tena kliniki.

Hesabu tangu siku aliyovuta mwisho. Sauti zinazotokana na bangi yenyewe hupungua ndani ya siku au wiki chache. Zikivuka mwezi naye hajavuta, daktari afikirie skizofrenia au ugonjwa mwingine wa akili. Arosto ya bangi ni kitu tofauti: hasira, kukosa usingizi, ndoto kali, chakula hakipiti, jasho. Huanza siku ya kwanza hadi ya tatu, hukolea wiki ya kwanza, na nyingi huisha kwenye wiki mbili, ila usingizi huchelewa. Kwa kawaida haileti sauti.

Na tafadhali, mwenye homa, au asiyejua yuko wapi na ni saa ngapi, msimbandike bangi. Hiyo ni dharura: malaria, sukari, maambukizi ya ubongo, vyote viangaliwe kwanza.

Mfamasia_Dom: Naongezea upande wa dawa, maana hapo ndipo familia nyingi hukwama. Haloperidol, mojawapo ya dawa za kutuliza sauti hizo, inaweza kupinda shingo, kutoa ulimi nje au kugeuza macho juu, hasa siku za mwanzo. Nyumbani wanasema jini limepanda, dawa zinatupwa. Ni misuli imekaza kwa sababu ya dawa. Arudi hospitali siku hiyohiyo. Kuna dawa ya kulegeza, mfano benzhexol.

Anayetumia olanzapine, dawa nyingine ya kundi hilo, mwambieni daktari anavuta kiasi gani, sigara pia. Moshi hulifanya ini liivunje dawa haraka. Akiacha kuvuta, dozi ileile inamzidi, analala mchana kutwa, akirudia, haimtoshi.

Kuhusu lini ataacha: dalili zikiisha, dawa huendelea angalau miezi 12, kisha daktari anapunguza taratibu. Kupata nafuu wiki ya tano si kupona.

Dkt_Mkazi: Nakubaliana. Utafiti uliochapishwa 2019 kutoka vituo 11 vya Ulaya na Brazili ulikuta wavutaji wa kila siku wana uwezekano wa takriban mara 3, kuliko wasiowahi kuvuta, wa kupata saikosisi, yaani hali ya kusikia sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo. Wanaovuta kila siku bangi yenye THC kuanzia asilimia 10, karibu mara 5. Kwa hiyo ulizeni kama ni skanka (bangi kali), alianza na umri gani, na kama kwenye ukoo kuna mwenye ugonjwa wa akili. Takriban theluthi moja ya wanaopata saikosisi ya bangi baadaye hugundulika na skizofrenia, hivyo kliniki isikatishwe hata akirudi darasani.

Mnasihi_Chuo: Asanteni sana. Na sauti zikimwamuru ajidhuru?

Muuguzi_Akili: Hospitali leo, si kesho. Asiachwe peke yake hata chooni, na kamba, visu na vidonge vyote viondolewe chumbani. Muulizeni waziwazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani.