Naomba ushauri: adui wa igizo letu la mapenzi ya zamani

Wakuu habari zenu, niko Mafinga, tuna kikundi cha maigizo na tunaandaa igizo kutoka riwaya ya Jane Austen ya 1813, Pride and Prejudice, tumeihamishia mashamba ya chai Mufindi miaka ya 1950. Steringi hana shida, shida ni adui, yule Wickham, kwetu tumemfanya karani wa shamba.

Wenzangu wanataka aingie amenuna, amelewa, anafokea watu, eti watazamaji wamjue mapema. Mimi nakataa kabisa. Wickham kwenye kitabu ni mtanashati, anaongea vizuri, anajua kujionesha kaonewa, Elizabeth, yule binti mhusika mkuu, anamwamini yeye na kumchukia Darcy, tajiri anayempenda, ndo maana barua ya Darcy kwa Elizabeth inauma, unagundua kumbe Wickham alitaka kumtorosha mdogo wa kike wa Darcy, wa miaka 15, sababu ya urithi wa pauni 30,000. Sasa kama tumemuonesha mbaya toka mwanzo dada wa watu ataonekana hana akili na barua haina kazi tena.

Mi nataka karani wetu aingie na suti imepigwa pasi, asalimie wazee kwa adabu zote, mama yake binti amkaribishe ugali, mpaka ukumbi mzima useme huyu ndo aoe.

Kwa mliowahi kuandika au kuongoza maigizo, nimpe sini ngapi kabla hajaumbuka? Na je, kuwe na dalili ndogo mapema au nifiche zote mpaka barua?