Kontena halijajaa, wanachama wanawauzia walanguzi. Nishaurini

KatibuWaMlimani

Wakuu, salamu kutoka Kapchorwa, Uganda. Mimi ni katibu wa chama cha ushirika cha kahawa, arabika tupu, na tumo ndani ya Fairtrade, ule mpango wa cheti cha biashara ya haki, kwa misimu kadhaa sasa. Jina la chama naliacha, ingawa wa huku mtanijua tu.

Mambo yako hivi. Mwezi wa nane bodi ilisaini mkataba wa kontena moja na mkaangaji kahawa wa Ulaya, magunia 320 ya kilo 60, na bei ikafungwa siku hiyo hiyo. Ilikuwa bei nzuri, juu ya ile bei ya chini ya Fairtrade ya dola 1.80 kwa ratili ya arabika iliyooshwa. Mkutano ulipiga makofi. Halafu bei ya kahawa kwenye soko la New York ikapanda, ikaendelea kupanda.

Sasa walanguzi wanazunguka nyumba kwa nyumba na boda boda, mizani imefungwa nyuma, noti mfukoni. Wanachukua kahawa mbivu, wanachukua pachimenti (punje iliyomenywa, bado ina ganda la ndani), hata ile ambayo haijakauka wanaibeba hivyo hivyo. Kwa kilo ya pachimenti wanatuzidi kama shilingi elfu mbili. Sisi tunatoa malipo ya kwanza, ya pili yanasubiri meli iondoke. Mwanachama ana karo ya watoto, utamwambia nini kuhusu meli?

Stoo imevuka nusu kidogo tu na mzigo unatakiwa kuondoka mwezi wa tatu. Bodi imegawanyika. Wapo wanaotaka tukanunue sokoni tujazie. Wapo wanaosema tuchukue fedha za premiamu (ile nyongeza ya Fairtrade kwa chama) tupandishe bei. Mwenyekiti yeye anataka tuwafukuze wote waliouza nje. Nyinyi mliopita humu, mlifanyaje?

Baba_Chebet

Fukuzeni. Ushirika bila nidhamu ni mchezo wa watoto. Wakija kuomba miche na mbolea mwakani waambieni wakamwombe huyo wa boda boda.

KatibuWaMlimani

Mzee nakuheshimu, ila nikifukuza wote waliouza nje nitabaki na bodi peke yake. Na hata hiyo bodi, sijapita majumbani kwao kuangalia.

Mhasibu wa Zamani

Nimefanya kazi ya mikataba kwenye kampuni ya kusafirisha kahawa Kampala, kwa hiyo nivumilie niwe mrefu.

Kwanza hilo la premiamu, kwa sababu linavutia na hesabu yake haikubali. Kontena lako ni kilo 19,200 za kahawa safi, yaani iliyokobolewa, sawa na ratili kama 42,300. Premiamu ni senti 20 kwa ratili, kwa hiyo utapata karibu dola 8,460. Angalau senti 5 katika hizo 20 zinatakiwa ziende kwenye ubora au uzalishaji, hapo dola kama 2,100 zimetoka. Zimebaki kama 6,350. Ili kupata kilo 19,200 safi unahitaji pachimenti kama tani 24, ukichukulia inakoboka kwa asilimia 80. Gawanya. Haifiki hata shilingi elfu moja kwa kilo, na mlanguzi anakuzidi elfu mbili. Utakuwa umemaliza fedha za chama chote na bado amekushinda. Isitoshe, premiamu ya kontena hili hamjaipokea, itakuja mzigo ukishauzwa. Kama mnaongelea ya mwaka jana, hiyo ilishapangiwa kazi na mkutano mkuu, na bodi haiwezi kuihamisha ikiwa imekaa ofisini.

Pili, kununua sokoni. Usifanye. Nasema hivi bila kuzungusha maneno: kahawa inayouzwa kama Fairtrade lazima itoke kwa wanachama wako. Mkaguzi wa FLOCERT, wale wanaokagua vyeti vya Fairtrade, akija ataomba daftari la wanachama, risiti za mapokezi na kumbukumbu za kukoboa, atazipanga pamoja. Mwanachama mwenye miti mia tatu akionekana ameleta tani mbili, hapo hakuna cha kueleza. Mnaweza kusimamishwa cheti kwa ajili ya magunia mia moja.

Sasa shida yenyewe. Mlifunga bei ya kahawa iliyokuwa bado juu ya mti. Bei ya mauzo imekufa mahali pamoja, bei ya kununulia inatembea. Hapo hata angekuwa malaika ndiye katibu, stoo isingejaa. Mkataba ujao ombeni uwe wa bei ya New York pamoja na nyongeza, na nyinyi ndio mchague siku ya kufunga. Fungeni pale kahawa inapokuwa stoo, au angalau sehemu kubwa yake. Ningekuambia ufunge kidogo kidogo kadiri mnavyopokea, lakini loti moja ya New York, yaani fungu moja la biashara pale sokoni, ni ratili 37,500, karibu kontena lako zima, kwa hiyo mnunuzi mdogo anaweza kukataa kuikata vipande. Muulize, wengine wanakubali.

Kwa mkataba huu wa sasa, mwandikie mnunuzi leo. Usingoje mwezi wa tatu. Mpe idadi ya kilo zilizo stoo, mwambie bei za shambani zilivyo, kisha omba moja kati ya haya: mzigo upunguzwe, tarehe isogezwe, au bei ikutane katikati. Anaweza kukataa yote, ni haki yake, saini ni saini. Lakini mnunuzi anayejua mapema ana nafasi ya kutafuta kahawa kwingine, na yule anayejua siku ya meli atakudai tofauti ya bei.

DalaliWaSuam

Mimi ndiye huyo wa boda boda mnayemsema. Si mimi hasa, lakini kazi ni hiyo hiyo.

Niwaambie ukweli ambao kwenye mikutano yenu hausemwi. Watu hawaniuzii kwa sababu ya elfu mbili. Mwaka ambao bei yangu ilikuwa chini ya chama walikuwa wananiuzia pia. Wananiuzia kwa sababu nafika jioni, napima mbele ya mlango wao na nalipa hapo hapo. Stoo yenu inafungwa saa kumi. Mama ametoka shamba saa kumi na moja, mtoto ana homa, aende wapi?

Jambo la pili, na hili nawapa bure. Wakubwa wangu wa Kampala siku hizi wananisumbua na habari za ramani. Ile sheria ya Ulaya ya misitu inataka ijulikane kahawa imetoka shamba gani, na kwamba shamba hilo halikukatiwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Tarehe ya kuanza imekuwa ikisogezwa, lakini wanunuzi wameshaanza kuuliza. Mimi nikichanganya magunia ya watu arobaini kwenye lori, nipate wapi alama za mashamba? Nyinyi mnazo. Kwa shamba la chini ya hekta 4 inatosha nukta moja ya GPS, na najua vyama vingi vilishapima. Msizitoe bure kwa mtu yeyote, hata kwangu.

KatibuWaMlimani

@DalaliWaSuam nilitaka kukujibu kwa hasira lakini hilo la saa kumi ni kweli tupu. Mashamba tumeyapima, yote isipokuwa ya wanachama wapya.

@Mhasibu asante mzee. Fedha za kununulia ndizo zinatubana. Benki inataka hati ya ardhi na ardhi yetu ni ya kimila.

Mhasibu wa Zamani

Mnunuzi mlimwomba mkopo wa awali? Kanuni za Fairtrade zinamruhusu mzalishaji kuomba hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba. Riba inaweza kuwepo, iulizeni kabla. Na wapo wakopeshaji wanaotazama mkataba badala ya hati ya ardhi: Root Capital, Oikocredit, Shared Interest ya Uingereza. Watataka hesabu zilizokaguliwa za miaka iliyopita na hawatoi kwa wiki moja, kwa hiyo huo ni mpango wa msimu ujao, uanze sasa.

MamaBuni_Kasese

Wanaume mmeongea bei, bei, bei. Ngoja niseme la nyumbani.

Huku Kasese tulikuwa na ugonjwa huo huo. Mke anachuma, anamenya, anaosha, anaanika, anageuza mkekani mvua ikitishia. Kahawa ikikauka mume anabeba gunia usiku kwa mlanguzi, fedha inaishia anakojua yeye. Na mke naye amejifunza: anauza mbivu kidogo kidogo kabla mume hajaiona, bei ya kutupa, ilimradi apate ya chumvi na sabuni. Hivyo chama kinaibiwa kutoka pande mbili za kitanda kimoja.

Bukonzo Joint, chama cha ushirika cha huku, walilishughulikia hilo kwa njia ya michoro. Mke na mume wanachora pamoja mti wa nyumba yao: nani anafanya kazi gani, nani anatumia fedha kwa nini, wanataka nini baada ya mwaka. Hata asiyejua kusoma anachora. Mimi nilicheka mwanzoni, nikaona ni mambo ya semina. Lakini mwanaume akiona kwenye karatasi kwamba matawi ya kazi yote yako upande wa mke na matunda yote yako upande wake, banange, anakaa kimya. Tulipoandikisha mke na mume wote wawili kuwa wanachama na malipo yakaingia kwenye simu yakionekana na wote, gunia la usiku lilipungua. Halikuisha, nisiwadanganye.

Katibu, angalia daftari lako. Wanawake ni wangapi? Kama mwanachama ni mume peke yake, anayekausha kahawa hana sababu ya kukulindia.

Mhaya_wa_Kamachumu

Jirani wa Kagera hapa. Kwetu kuna butura: mtu anauza kahawa ikiwa bado maua, kwa bei ya njaa. Serikali imepiga marufuku miaka yote na bado ipo, kwa sababu njaa haisomi tangazo. Kilichopunguza kidogo ni chama kuwa na mfuko wake wa kukopesha wanachama kiasi kidogo miezi ya ukame wa fedha, unakatwa wakati wa kupokea kahawa. Hapo premiamu ina kazi nzuri kuliko kuongeza bei. Inakopwa, inarudi, inakopwa tena.

Baba_Chebet

Nakubaliana na huyu wa Kamachumu kuliko wote, lakini kuna kitu vijana hamkumbuki. Mwaka 2001 bei ya New York ilianguka chini ya senti 50 kwa ratili. Watu huku waling'oa kahawa wakapanda mahindi. Bei ya chini ya Fairtrade wakati huo ilikuwa dola 1.21 kwa arabika iliyooshwa, premiamu kando. Walanguzi wa boda boda mwaka ule hatukuwaona. Waelezeni wanachama hivyo, bei za leo hazina mkataba na mtu.

DalaliWaSuam

Mzee 2001 mimi nilikuwa darasa la pili.

Arabika_Tupu

Hilo la mzee ni kweli, ila mkulima haweki akiba ya hofu ya miaka ishirini iliyopita. Mimi niko Mbale. Tazameni Peace Kawomera, walianza 2004, Wayahudi, Waislamu na Wakristo katika chama kimoja, chini ya J.J. Keki. Walipata mnunuzi mmoja California, Thanksgiving Coffee, aliyeweka habari yao kwenye pakiti. Mnunuzi wa namna hiyo anajua jina lako, ukimwandikia kwamba msimu umekuwa mgumu anasoma barua hadi mwisho. Katibu, huyo mkaangaji wenu ameshafika Kapchorwa hata mara moja? Kama hajafika, alikeni.

KatibuWaMlimani

Nimerudi. Tulimwandikia mnunuzi, tukaambatisha karatasi ya stoo. Amejibu: tarehe anasogeza hadi mwisho wa mwezi wa nne, bei anaongeza kidogo kwa magunia ambayo hayajapokelewa, ila idadi hapunguzi. Mkopo wa awali amesema atatoa nusu ya tulichoomba. Si haba.

Bodi imekubali stoo ifunguliwe hadi saa mbili usiku siku tatu kwa wiki, malipo kwa simu siku hiyo hiyo. Kufukuza tumeahirisha, mwenyekiti amenuna. Wanawake kwenye daftari, Mama wa Kasese, naona aibu kuandika idadi hapa.

Swali la mwisho. @DalaliWaSuam amenitumia ujumbe pembeni, anasema tumpe kamisheni kwa kilo awe anatukusanyia jioni kwa wanachama wa vijiji vya juu, ambako gari letu halifiki. Mnaonaje?

MamaBuni_Kasese

Mwajirini. Anajua kila nyumba kuliko bodi yenu.

Baba_Chebet

Fisi kuchunga mbuzi.

Mhasibu wa Zamani

Inawezekana, kwa masharti. Atumie mizani ya chama, iliyopigwa muhuri. Kila kilo iingie kwenye risiti ya chama yenye namba ya mwanachama, nakala moja inabaki kwa mkulima. Malipo yatoke kwenye simu ya chama kwenda kwa mwanachama moja kwa moja, yeye asishike fedha ya kununulia. Kamisheni alipwe baada ya stoo kupima upya na unyevu kukaguliwa. Na awamu hii asinunue kahawa yake binafsi kwenye vijiji hivyo hivyo, kwa sababu magunia yakichanganyika njiani mkaguzi hatakuuliza ni yapi ya nani. Andikeni mkataba, upite kwa bodi, uingie kwenye kumbukumbu za kikao.

Yeye mwenyewe yuko humu. Akubali hapa hapa mbele za watu kuhusu hiyo ya kutoshika fedha.

DalaliWaSuam

Mizani sawa, risiti sawa. Hiyo ya kutoshika fedha tuongee, kule juu mtandao wa simu unapatikana kwenye kilima kimoja tu.