Majina yako nane

JUMATANO JIONI

Mimi: Shikamooni wakubwa. Wadogo hamjambo. Karatasi ya maonyesho imetoka. Ni Jumamosi hii, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 3 usiku, kiingilio hakuna. Nimeweka picha tano za rangi ya mafuta, na vikapu vinne vya Bibi vimekubaliwa.

*[Picha ya karatasi ya maonyesho]*

Mama: Marahaba mwanangu. Hongera yako, na hongera ya mama.

Binamu: Mimi nitakuwa mlangoni kabla hawajafungua.

Mama Mdogo: Nimeikuza hiyo karatasi nikaisoma yote. Wewe nimekuona namba 4, na picha zako zote kwa majina yake. Yule kijana wa sanamu za chuma nimemwona. Mama yuko wapi?

Mimi: Mstari wa mwisho kabisa, mama mdogo.

Mama Mdogo: Mstari wa mwisho umeandikwa "Vikapu, kazi za mikono za kienyeji". Hilo si jina la mama yangu.

Kitinda: Juu wameandika "wasanii tisa". Nimehesabu mara mbili. Majina yako nane.

Mjomba: Jamani, tusiwe wepesi wa kukasirika. Mama amesuka zaidi ya miaka hamsini. Watu wamenunua, wametumia, hakuna aliyewahi kuuliza kimesukwa na nani. Ndivyo kikapu kilivyo. Wamempa nafasi kwenye ukumbi wa picha, tushukuru.

Mama Mdogo: Kaka, karo yako na yangu imetoka kwenye vikapu hivyo. Wewe ukipewa cheti kisicho na jina utashukuru?

Mimi: Mjomba, kosa limeanzia kwangu. Fomu niliijaza mimi. Kwenye picha zangu niliandika yote, jina langu, jina la picha, mwaka, rangi gani, kitambaa gani, kipimo. Nilipofika kwenye vikapu niliandika "vikapu 4, katani" nikageuza ukurasa. Msimamizi wa ukumbi amechapa alichopewa. Nimesoma sanaa miaka mitatu, na nimemfanyia bibi yangu mwenyewe kitu ambacho darasani tulikuwa tunakilalamikia. Nimemwandikia msimamizi sasa hivi.

Shemeji: Darasani mlikuwa mnalalamikia nini?

Mimi: Makumbusho ya Ulaya, shemeji. Vitu vingi vilivyotoka Afrika utakuta vimeandikwa kabila na nchi basi. Mara nyingi aliyevichukua jina lake lipo, pengine na mwaka aliovichukua. Aliyevichonga au kuvisuka hayupo.

Kuna viti na sanamu za Waluba wa Congo, wanawake wenye nyuso ndefu, mashavu yameingia ndani, vidole virefu. Ukiziweka pamoja zinafanana kana kwamba zimetoka mkono mmoja. Mbelgiji mmoja, Frans Olbrechts, ndiye aliyeziweka kundi moja kwa kutazama mkono wa fundi tu. Waliozichukua hawakuandika jina la mchongaji, basi huyo fundi akaitwa Bingwa wa Buli, yaani akapewa jina la kijiji.

Mjomba: Na watoto wake? Fundi wa namna hiyo bila shaka alikuwa na watu wa kuulizwa.

Mimi: Hao waliovibeba hawakuuliza, mjomba. Au waliuliza hawakuandika.

Binamu: Tofauti na huyo ni Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Tanzania. Alianza kuchora mwaka 1968 hivi, kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya mbao nyembamba za dari. Akafariki 1972. Miaka minne tu, na leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima. Waliojifunza kwake na waliofuata wakaendelea kuandika majina yao kwenye kona ya picha.

Mama Mkubwa: Mchoraji ana kona. Kikapu ni cha duara wanangu, mtu asaini wapi?

Kitinda: Subirini. Bibi yuko hapa sebuleni. Namuuliza.

Kitinda: *[Ujumbe wa sauti, dakika 1 na sekunde 40]*

Kitinda: Kwa mama mkubwa ambaye simu yake haifungui sauti, Bibi amesema hivi. "Mimi naweka uzi mmoja mweusi, mzunguko wa tatu kutoka kitakoni. Mama yangu alikuwa akiweka nyuzi mbili. Nilipoanza kuuza vyangu nikaweka mmoja, ili kikapu kikikatika mpini, mwenye nacho ajue amrudie nani. Nisimtie mama yangu aibu kwa kazi yangu." Halafu akauliza nani anataka kujua usiku huu wote.

Mama Mdogo: Uzi mweusi?

Mama: Nilidhani ni pambo.

Mjomba: Nimevibeba vikapu hivyo kichwani kwenda sokoni tangu nina miaka saba. Sikujua. Naomba mniache kidogo.

ALHAMISI

Mimi: Habari za asubuhi. Msimamizi amejibu, tena kwa heshima. Anasema karatasi zitachapwa upya kesho, na kila kikapu kitakuwa na kibandiko chake kama picha. Anahitaji kufikia leo jioni jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vifaa, kipimo na bei.

Mama Mdogo: Bei ndiyo nilitaka kuuliza. Kile kikubwa chenye mistari ya kahawia nakitaka mimi. Bei ya ndugu ni kiasi gani?

Mimi: Mama mdogo, nisamehe, ila hapo nitakuwa mgumu. Bei ya nyumbani na bei ya ukutani iwe moja. Ukumbi unachukua 40 kwa mia ya kila kinachouzwa, na hiyo ndiyo inayolipa taa, karatasi na mtu wa kusimama pale. Mgeni akinunua kwa bei kamili, halafu akasikia wa nyumbani kapewa kwa nusu, ataona ameibiwa. Na wiki ijayo mteja wa Bibi atakuja mlango wa nyuma kuuliza "ile bei nyingine".

Mama Mdogo: Sawa, nimeelewa. Nitanunua kama watu wengine. Lakini mniwahishie.

Mimi: Hatuwezi kukuwekea. Njoo saa 12 kamili.

Binamu: Kwani Bibi mwenyewe ametaja bei gani?

Kitinda: Ametaja ile ya sokoni. Nikamwambia tuhesabu kwanza. Kile kidogo tu kimechukua jioni 11, na hapo sijaweka kusokota uzi. Katani anaisokota pajani, nyuzi mbili zinapindana kuwa moja, na paja lake limekuwa gumu sehemu ile kama nyayo. Sijaweka pia kuchemsha magome ya rangi, wala kuanika. Tukagawa bei ya sokoni kwa masaa. Alinyamaza, akaniambia nihesabu tena.

Mjomba: Ukahesabu tena?

Kitinda: Ndiyo. Jibu lilikuwa lile lile. Akasema basi andika mara nne, na akaenda kulala.

Mama: Mara nne ni halali yake.

Shemeji: Mimi niko ukumbini na ngazi. Picha za shemeji nazipima katikati ya picha iwe sentimita 150 kutoka sakafuni, zote, kubwa kwa ndogo, ndipo jicho halirukiruki. Kila picha misumari miwili, si mmoja, mmoja unafanya picha inapinda kila mlango ukigongwa. Vikapu nimevitengenezea vijukwaa. Swali, walinipa nafasi chini ya dirisha, ni sawa?

Mimi: Hapana shemeji, tafadhali visogeze. Rangi ya magome na mizizi jua linaila haraka kuliko rangi yangu ya mafuta. Hata taa isivipige kwa karibu. Weka ukuta wa ndani, mtu aweze kuvizunguka.

Shemeji: Vimehama. Kimoja nimekilaza ubavu juu ya kijukwaa, ili kitako kionekane. Uzi mweusi unaonekana ukisimama mlangoni.

Mjomba: Asante shemeji yetu. Hilo umelifanya vizuri sana.

Mimi: Sasa majina. Bibi anasema kazi zake hazina majina, zina kazi. Kwa hiyo tumeandika "Cha mbegu", "Cha safari", "Cha nguo za mtoto", na cha nne amekataa kabisa kisiuzwe. Ndicho alichosuka mwaka aliofariki Babu. Hicho kibandiko chake kitaandikwa HAKIUZWI.

Mama Mkubwa: Mungu ambariki. Hicho nakikumbuka.

Mimi: Limebaki jina lake mwenyewe. Hapa naomba wakubwa mnisaidie. Kitambulisho kina jina lake na la Babu. Majirani wanamwita Mama na jina la Mjomba. Tuandike lipi?

Mjomba: La kitambulisho. Ni la kisheria.

Mama Mdogo: Baba hakuwahi kusuka hata mkeka, Mungu amrehemu. La baba yake.

Mama: Jamani, mwenye jina yupo hai.

Kitinda: *[Ujumbe wa sauti, sekunde 22]*

Kitinda: Amesema, "Andika jina nililopewa, na la baba yangu. Na chini uandike kwamba nimefundishwa na mama yangu, umtaje na yeye. Nyuzi mbili zilikuwa zake."

Mimi: Naandika sasa hivi. Yote mawili.

Mjomba: Nilikuwa nimesema la kitambulisho. Nimeliondoa neno langu.

JUMAMOSI

Mama Mkubwa: Mimi huku mbali sina la kufanya ila kushika simu. Tumeni picha bila kungoja kuombwa.

Binamu: 18:10. Watu wameshaanza kuingia. Bibi amekaa kwenye kiti chake mwenyewe, aliletewa na shemeji kutoka nyumbani. Amevaa ile nguo ya samawati.

*[Picha]*

Binamu: Na hiki ndicho kibandiko. Someni wenyewe.

*[Picha]*

Mama Mkubwa: Jina la bibi yangu lipo. Jina la bibi yangu limechapwa. Aliyenilea mimi hadi nina miaka tisa.

Mama Mdogo: Nimefika 18:02 na nimekipata kile kikubwa. Kimebandikwa nukta nyekundu, yaani kimeuzwa. Nimelipa bei yote.

Mama: Nimemwona mjomba wenu amesimama mbele ya kibandiko muda mrefu. Sasa kila anayepita anamsomea kwa sauti, hata wanaojua kusoma.

Mjomba: Kuna mwanga hafifu, nawasaidia.

Mimi: Niko na wageni upande wa picha, lakini niwaambie hili haraka. Kuna mama mmoja mtu mzima ameingia, hakutazama ukuta hata kidogo. Ameenda moja kwa moja kwenye vikapu, akainama kwenye kile kilicholazwa, akagusa kitako kwa kidole kimoja. Akauliza, "Huyu wa uzi mmoja yuko wapi?" Nikamwonyesha Bibi. Yeye pia ni msukaji. Anasema kikapu cha uzi mmoja kilikuwa kwao nyumbani tangu yeye ni msichana, na ndicho alichokuwa akikigeuza na kukichungulia alipokuwa anajifunza kufunga ukingo. Hakuwahi kujua ni cha nani.

Kitinda: Wamekaa pamoja sasa. Bibi amemshika mkono anautazama vidole. Wanaongea mambo ya kusokota, mimi sielewi nusu yake.

Mama Mkubwa: Usiwakatize.

Kitinda: Sithubutu.

Binamu: 20:25. Nukta nyekundu tatu kwenye vikapu, yaani vyote vinavyouzwa vimeondoka. Dada picha mbili.

Mama: Picha mbili si haba mwanangu, usiku wa kwanza.

Mimi: Nimeridhika kabisa, mama. Ile kubwa ya mvua haikuuzwa lakini watu wawili walirudi kuitazama mara tatu. Msimamizi ameuliza kama Bibi anaweza kusuka kumi kwa maonyesho yajayo. Bibi amemwambia atasuka vitakavyokwisha.

Shemeji: Jumanne tunakuja kushusha kazi. Kuna anayetaka nihifadhi kitu maalumu?

Kitinda: Bibi anasema kibandiko kisitupwe. Anataka kile chenye jina la mama yake.

Shemeji: Nitakitengenezea fremu.

Mama Mdogo: Nimefika nyumbani. Nimeshusha vikapu vyote vitatu vya zamani nilivyo navyo kabatini, nimevigeuza. Uzi upo kwenye vyote. Kimoja nimekuwa nikiwekea pasi miaka yote hii.

Mama: Nami nimegeuza cha kwangu. Upo.

Mjomba: Mimi nina kimoja, nilikuwa nasita kukigeuza. Kina nyuzi mbili.

Mama Mdogo: Kaka! Hicho ni cha bibi!

Mjomba: Ndiyo. Nimekaa nacho hapa.

Mama Mkubwa: Changu kipo dirishani, nimewasha taa nikakigeuza. Uzi upo, mzunguko wa tatu kama alivyosema.

*[Picha]*

Kitinda: Nimemwonyesha Bibi picha ya mama mkubwa. Ameikazia macho. Anauliza mbona kimepauka upande mmoja.

Mama Mkubwa: Mwambie mama anisamehe. Nakitoa juani usiku huu huu.