Hopa la majivu linaziba kila zamu, dawa yao ni nyundo na kumwingiza kibarua ndani. TUMECHOKA!!

Wakuu heshima kwenu. Nimevumilia nimeshindwa, leo naandika.

Niko kiwanda kimoja cha kukamua alizeti hapa Dodoma, jina sitaji. Boila linachoma maganda ya alizeti, majivu yanashuka kwenye hopa la chuma (lile tangi pana juu, jembamba chini), chini kuna kigeti cha kuvuta kwa mkono, tipa linasogea linapakia linaenda kumwaga. Ndo kazi yote hiyo.

Sasa kigeti unavuta, hakitoki kitu. Majivu yameshikana juu ya tundu yakajenga daraja, chini hewa tupu, juu mzigo umetulia. Supavaiza anafoka "gongeni!" basi watu wanagonga nyundo mpaka bati limebonyea kila sehemu, na kila lilipobonyea kwa ndani pametokeza nundu inayozuia majivu yasiteleze, yaani unavyogonga leo ndo unazidisha kuziba kwa kesho. Wakaleta vibreta, ile mota ya kutikisa hopa. Wanaiwasha kigeti kimefungwa!! Jamani majivu yataenda wapi zaidi ya kushindiliwa? Kuna bwana mwingine akaamuru tumwagie maji juu, yakaganda tukayachimba na sururu.

Na daraja likikatika ni balaa jingine. Majivu laini yakishaingiwa na hewa yanatiririka kama maji, kigeti hakifungiki tena, tipa linafurika, na upepo wa mwezi wa saba hapa kwetu mnaujua, vumbi linaenda mpaka kwa mama lishe nje ya geti. Majivu ya alizeti yana potasiamu nyingi, yakikutana na jasho shingoni yanababua ngozi. Barakoa tunajinunulia.

Ila kinachoniuma kuliko vyote ni kuingiza watu. Kibarua anapanda juu na mtarimbo, anasimama juu ya hayo majivu anachokonoa, huku chini kigeti kiko WAZI. Hana mkanda, hana kamba, hana mtu wa kumwangalia. Kuna dogo daraja lilikatika akiwa juu yake akazama mpaka kiunoni, tukamrushia kamba ya turubai, watu wazima tunavuta hatoki, majivu yamembana miguu, ikabidi tuyafukue kwa mikono kwanza. Bosi kaja anauliza kwa nini tipa halijaondoka. Tipa!! Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003, ofisi wameibandika ukutani.

Na haya mambo yana hesabu zake wakuu. Andrew Jenike wa Chuo Kikuu cha Utah kule Marekani alishazitoa tangu 1964, unapima mzigo wako unavyoshikana wenyewe na unavyosuguana na ukuta, hapo ndo unajua kuta zisimame kiasi gani na tundu liwe na upana gani. La kwetu kuta zimelala, tundu dogo, kona nne, kwa hiyo hata majivu yakishuka yanashuka ya katikati tu, ya pembeni yanabaki yanavuta unyevu mpaka yanakuwa jiwe. Wapanue tundu, wasimamishe kuta, chini wafunge rotari valvu, ile ya mapanga yanayozunguka kwenye gamba lake, inatoa majivu kwa kipimo na hayawezi kukurupuka yote. Maji yawekwe kwenye skruu ya kuchanganyia majivu yakishatoka, sio ndani ya hopa. Nimewaeleza haya kwenye kikao nikaambiwa bajeti hakuna, wiki hiyo hiyo ofisi ya meneja ikafungwa AC mpya.

Kwa hiyo wakuu nawauliza, kuna fundi hapa Dodoma au Singida ameshachonga rotari valvu ya majivu au hata ya pumba? Aje PM na bei, niwapelekee kwa maandishi. Na aliyewahi kuripoti OSHA, wale wakala wa serikali wa usalama kazini, anieleze jina la mtoa taarifa linafichwa vipi, maana dogo yule kesho wanampandisha tena.