Mrejesho: lile joto la viganjani kwenye taichi

Wakuu, nimerudi. Miezi mitatu iliyopita niliuliza kama joto ninalolisikia viganjani nikisimama kama nguzo, lile zoezi la zhan zhuang tunalofanya kwenye taichi, sanaa ya mapigano ya Kichina, ndiyo chi yenyewe, ile nguvu ya uhai inayosemwa hupita mwilini. Mkaniambia niache kusoma kwa muda, nisimame dakika 20 kila alfajiri, na daftarini niandike kile tu mwili unachohisi, bila neno chi wala dantieni, ile sehemu ya chini ya kitovu inayosemwa ndiyo ghala la chi.

Nimefanya hivyo. Kurasa za wiki ya kwanza zimejaa mapaja kutetemeka, na bega la kulia linalopanda lenyewe mpaka karibu na sikio. Joto lilikuja, ila siku nilizolegeza mabega. Nikikaza, vidole vinapoa. Hilo nalijua. Kwamba ni chi, hilo nililisoma.

Kubwa zaidi lilitokea kwenye kusukumana mikono, lile zoezi la taichi la watu wawili. Kwa miaka nimewaeleza watu peng, ile nguvu ya kutanuka inayotajwa ya kwanza kati ya nguvu nane za taichi, tena kwa ufasaha. Mwenzangu akanisukuma kidogo tu, nikarudi hatua mbili! Juzi kasukuma tena, nikalegeza nyonga, uzito wake ukashuka hadi kwenye kisigino changu cha nyuma. Sikusogea. Ilidumu labda sekunde tatu, na bado siwezi kuirudia kila nikitaka.

Sasa mgeni akiniuliza namwambia wazi: hili nimelipata mwilini, lile nimelisikia tu kwa walimu. Asanteni sana, hasa aliyesisitiza daftari.