Zilipendwa: zinarudi zenyewe au zinarudishwa?

Mleta mada

Wadau, salaam. Kuna kauli imenichosha: "muziki mzuri haufi, subirini miaka ishirini utarudi wenyewe." Watu wanaisema kana kwamba mitindo ya muziki ni mvua za vuli. Mimi nabisha. Mtindo haurudi, unarudishwa, na anayeurudisha mara nyingi si yule aliyeupenda mwanzo. Ni kijana asiye na hela, ameokota kilichotupwa.

Chukueni mashine ya midundo ya kampuni ya Roland ya Japani, TR-808. Ilitoka mwaka 1980 na wengi wakaicheka, kwa sababu ngoma zake hazikufanana na ngoma. Ngoma ya mguu ikipigwa inanyamaza papo hapo; ya mashine hii ilitoa "duuum" ndefu inayofifia taratibu, unaisikia kifuani kuliko masikioni. Ule mchakacho wake ulitoka kwenye transista zenye hitilafu, ambazo Roland walizitumia makusudi. Transista hizo zilipokosekana, mwaka 1983 mashine ikaachwa kutengenezwa. Zilikuwa zimeuzwa takriban 12,000 tu. Dukani ilizidi dola 1,000, lakini ilipokataliwa ikashuka bei kwenye maduka ya mitumba hadi mtu asiyeweza kumlipa mpiga ngoma akaimudu. Leo "duuum" ile imejaa kwenye hip hop na tawi lake la trap, na watoto wanaiita "808" bila kujua ni namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Hiyo ndiyo njia ninayoiona kila mahali: kitu kinaachwa, kinakuwa rahisi, kinaangukia mikononi mwa ambaye hakulengwa. Nipigeni mawe.

Mzee Santuri

Kijana wangu, mawe sina, ila umechanganya mambo. Umeeleza sauti, hukueleza mtindo. Mtindo ni jinsi watu wanavyocheza, wanavyovaa, wanavyotongozana. Mashine haina hayo.

Na hiyo miaka ishirini unayoikejeli ina hesabu yake. Mwaka 1989 watafiti wawili wa Marekani, Holbrook na Schindler, waliwasikilizisha watu wa rika mbalimbali vipande vya nyimbo zilizotamba miaka tofauti. Wakakuta mtu huelekea kupenda zaidi nyimbo zilizotamba alipokuwa na umri wa takriban miaka 23 na nusu. Sasa ongeza ishirini. Mtu huyo ana miaka 43, ndiye mkuu wa vipindi redioni, ndiye anayechagua muziki wa filamu, ndiye anayelipia bendi kwenye harusi ya mtoto wa dada yake. Unadhani ataagiza nini? Mimi mwenyewe gita la nyimbo nilizocheza ujanani nalipiga kwa mdomo noti kwa noti, ila uniulize nilichosikia Ijumaa iliyopita.

Besi Nzito

Shikamoo mzee. Hesabu yako nzuri, lakini inawaeleza ninyi, haituelezi sisi. Juni 2022 wimbo wa mwimbaji Mwingereza Kate Bush wa mwaka 1985 ulishika namba moja Uingereza, miaka 37 baada ya kutoka. Uliingizwa kwenye tamthilia ya Stranger Things, na waliousambaza kwenye video zao fupi ni vijana ambao 1985 hawakuwa hata wazo. Hawakuwa wanakumbuka kitu. Kwao ulikuwa wimbo mpya.

Mleta mada naye nina neno naye. Unasema kilichotupwa kinaokotwa. Wakati mwingine hakitupwi, kinafukuzwa. Julai 12, 1979, kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, Chicago, mtangazaji wa redio aliwaita watu waje na santuri za disko, kiingilio senti 98. Santuri zikalipuliwa katikati ya uwanja baada ya mechi ya kwanza, umati ukavamia, na mechi ya pili haikuchezwa. Mmoja wa vijana waliokuwa wakionyesha watu viti siku hiyo aliitwa Vince Lawrence. Baadaye alieleza kwamba alipoziangalia santuri watu walizoleta aliona nyingi hazikuwa disko hata kidogo; zilikuwa soul na R&B, kazi za wanamuziki weusi.

Halafu mwaka 1984, Chicago hiyohiyo, Lawrence alishirikiana na Jesse Saunders kutoa moja ya santuri za mwanzo kabisa za haus. Na haus ni nini kama si disko iliyovuliwa fidla na matarumbeta, ikabakizwa mdundo na besi, ikachezwa na DJ Frankie Knuckles kwenye kumbi ambazo hao walioshangilia uwanjani wasingekanyaga? Kwa hiyo nani alirudisha disko? Haikuondoka. Ilihamia nyumba ya pili na kubadili jina.

Hesabu Kwanza

Wakuu, mnasimulia vizuri ila pesa mmeiacha mlangoni. Desemba 2020 mwanamuziki Bob Dylan aliuzia kampuni ya muziki ya Universal haki za nyimbo zake. Mwaka uliofuata mwenzake Bruce Springsteen akauzia Sony za kwake, na bei iliyoripotiwa ilikuwa karibu dola milioni 500. Mtu aliyetoa kiasi hicho atakubali nyimbo zilale kabatini? Atazipeleka kwenye filamu, kwenye matangazo ya magari, kwenye orodha za kusikiliza asubuhi ukinywa chai.

Biashara ya muziki huita "za zamani" nyimbo zilizopita miezi 18 tangu zitoke. Kwa kipimo hicho, Marekani nyimbo za zamani sasa zinachukua zaidi ya theluthi mbili ya usikilizaji wote. Najua, miezi 18 ni kipimo cha ajabu, mtoto hata maneno hajaanza kuunga. Lakini msanii mpya anashindana na miaka sabini ya muziki kwa wakati mmoja, kwenye simu ileile, kwa gharama ileile. Zamani duka lilikuwa na rafu. Santuri isiyouzika iliondolewa kupisha nyingine. Siku hizi rafu haijai.

Na huyo kijana asiye na hela mnayemsifu, naye ana deni. Kwenye wimbo mmoja wa bendi ya The Winstons, mwaka 1969, mpiga ngoma Gregory Coleman alipiga peke yake kwa sekunde sita hivi. Mizunguko minne ya kuhesabu moja hadi nne. Vijana wa hip hop wakakichukua kipande hicho, kisha wa jungle na drum and bass, mitindo ya dansi ya kasi ya Uingereza, wakakikatakata, wakakiharakisha, kikaingia kwenye nyimbo maelfu. Mtindo mzima umejengwa juu ya mikono ya mtu mmoja. Coleman alifariki mwaka 2006 akiwa hana makazi. Hakupata mrabaha wa kipande hicho. Kiongozi wa bendi, Richard Spencer, alikuja kupata kitu mwaka 2015, na hata hizo zilikuwa pauni kama 24,000 walizochangishana mashabiki. Kwa hiyo mkisema "unarudishwa", semeni pia nani analipwa unaporudi.

Mleta mada

Hesabu Kwanza, hapo kwa Coleman sina utetezi. Kuokota ni neno zuri mpaka mwenye mali atokee.

Besi Nzito, nakubali pia, "kufukuzwa" ni sahihi kuliko "kutupwa". Lakini angalia, bado ni walewale: watu wa pembeni, vyombo vya bei chee.

Mzee Santuri

Walewale? Nenda Havana. Machi 1996 walitarajiwa wanamuziki kutoka Mali waje kurekodi na Wakuba. Wamali hawakufika, mambo ya hati za safari. Studio imeshakodiwa, mpiga gita wa Marekani Ry Cooder ameshawasili, ikabidi watafutwe wazee wa mjini. Ibrahim Ferrer alikuwa ameshaacha kuimba, anang'arisha viatu. Mpiga piano Rubén González hakuwa na piano nyumbani. Mwanamuziki Compay Segundo alizaliwa 1907, piga hesabu mwenyewe. Albamu yao, Buena Vista Social Club, ikatoka 1997, ikauza mamilioni na kupata tuzo ya Grammy. Kijana wako mwokotaji yuko wapi hapo? Wamerudi wenyewe, kwa miguu yao, na sauti zao zilezile.

Mleta mada

Mzee, umenipa mfano unaonitetea mimi. Wamali wangepata hati zao, Ferrer angeendelea na brashi yake. Kama muziki mzuri hurudi wenyewe, kwa nini ulingoja makaratasi ya watu wengine yakwame? Na pengine wangapi walikuwa mtaa wa pili, wazuri vilevile, ila siku hiyo hawakugongewa mlango?

Tena ulirudi kwa nani? Vijana wa Havana miaka hiyo walikuwa wanacheza timba, muziki wa kasi, wa matarumbeta na maneno ya mitaani. Son, muziki wa zamani wa Kuba wanaoupiga kina Segundo, ilikuwa ya babu zao. Waliojaza kumbi kuisikiliza ni watu wa Amsterdam na New York. Mtindo ulirudi, lakini haukurudi nyumbani.

Mzee Santuri

Hilo la timba nalimeza, ingawa kwa shida. Ila msichukulie kwamba wageni wakipenda kitu basi kimeharibika. Ferrer alipanda jukwaani akiwa na miaka zaidi ya sabini, watu wanasimama kumpigia makofi. Mkimwambia hakurudi nyumbani atawashangaa.

Besi Nzito

Mimi bado nina ugomvi na neno letu lenyewe. Zi-li-pendwa. Hiyo "li" nani aliiweka? Nyimbo hizo nazisikiliza leo, nazipenda leo, na wengine niliowakuta wakizisikiliza wana miaka kumi na saba. Mzee, ukiniambia ni za kupendwa jana unanifungia mlango.

Mzee Santuri

Zipende, binti, sijakukataza. Ila jana mjukuu wangu amenipigia moja ya zetu, ameichomekea hiyo "duuum" ya mleta mada chini yake, glasi zikatetemeka kabatini. Pale palikuwa na mtu anapiga besi kwa vidole viwili. Nimemwambia aitoe kwanza nimsikie.