Kwa nini joto halimo katika daftari la vifo?

Karani wa Katuba

Jambo kwenu nyote. Mimi hutunza daftari la vifo katika kituo kimoja cha afya hapa Lubumbashi, na nina swali lililonikaa moyoni tangu mwezi wa kumi uliopita, wakati ardhi ilikuwa imekwisha kukauka kabisa na mvua bado haijafika.

Alasiri moja majirani walituletea mzee mmoja juu ya mkokoteni wa kubebea makaa. Alikuwa akiishi peke yake katika chumba cha bati kisicho na dari, chenye dirisha moja, na bidoni zake mbili za maji zilikuwa tupu tangu jana yake, kwa sababu mtoto aliyezoea kumchotea alikuwa mgonjwa. Ngozi yake ilikuwa kavu, ya moto kiasi kwamba niliuondoa mkono haraka, naye alikuwa akizungumza na watu wasiokuwapo. Tulimpima malaria, na kabla jibu halijatoka tukaanza kumpa dawa ya malaria, maana kwetu kila homa ni malaria mpaka ithibitike kwamba siyo. Alifariki kabla jua halijazama. Jibu lilipotoka, halikuwa na malaria. Mimi ndiye niliyeshika kalamu, na katika safu ya sababu ya kifo niliandika: moyo kusimama.

Nimerudi kwenye mstari huo mara nyingi. Moyo wa kila anayekufa husimama, kwa hiyo nilichoandika ni kweli na hakimwelezi mtu chochote. Nikapitia kurasa za mwezi wa tisa, wa kumi na wa kumi na moja za miaka mitatu, nikakuta malaria, presha, kuharisha, upungufu wa damu, "kifo cha ghafla". Neno joto sikulikuta hata mara moja, wala ukame. Je, ni kweli kwamba hapa kwetu haviui, au ni sisi wenye kalamu ambao hatujui kuviandika?

Daktari wa Zamu

Ndugu Karani, asante kwa kuliweka wazi jambo ambalo wengi wetu tunalijua na tunalinyamazia.

Mwili wa binadamu hufanya kazi karibu na nyuzi 37, na hujipoza hasa kwa njia mbili: kusukuma damu nyingi kuelekea kwenye ngozi, na kutoa jasho likaukie hapo. Njia ya kwanza huulemea moyo, kwa sababu unalazimika kupiga haraka ili damu itoshe ngozini na katika viungo vya ndani kwa wakati mmoja; njia ya pili hula maji ya mwili, na maji yakipungua damu huwa nzito, figo nazo zikaanza kushindwa. Kijana mwenye afya atastahimili siku kadhaa. Mzee mwenye moyo dhaifu, anayemeza dawa za presha za aina ile inayomkojolesha mtu, na ambaye kwa uzee wake hasikii tena kiu kama zamani, anaweza kufa kwa moyo kabla joto la mwili wake halijafika kiwango cha kumshtua mtu. Ndiyo maana vifo vingi vya joto havifanani na kifo cha joto. Wale wanaopigwa na joto waziwazi, wenye nyuzi zaidi ya 40 na akili iliyochanganyikiwa kama mzee wako, ni wachache kati ya wengi.

Kwa hiyo wanaohesabu vizuri hawategemei safu yako ya sababu. Huchukua vifo vyote vya siku za joto, wakavilinganisha na vifo vya kawaida vya siku kama hizo katika miaka iliyotangulia, na ile ziada ndiyo hesabu yao. Ufaransa, mwezi Agosti 2003, ziada hiyo ilikuwa karibu watu 15,000, wengi wao wazee. Kwa Ulaya yote, majira yale yalipita 70,000. Sasa tazama upande wetu. Mwaka 2020 watafiti Luke Harrington na Friederike Otto walichapisha makala juu ya kumbukumbu za kimataifa za majanga, na kwa Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara walikuta mawimbi 2 tu ya joto, yaani vipindi vya siku za joto kali, yaliyoandikwa tangu mwaka 1900, yakiwa na vifo 71. Ulaya ilikuwa na mawimbi 83 tangu 1980, na vifo zaidi ya 140,000. Anayetaka kuamini kwamba joto liliua Wafaransa wengi katika mwezi mmoja kuliko Waafrika wa karne nzima, na aamini. Mimi naona daftari tupu.

Jambo moja la haraka, hata kama hukuliuliza. Mtu akiletwa tena katika hali ile, msisubiri jibu la malaria. Mvueni nguo, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni kwa chochote kilichopo, hata kipande cha katoni, kwa kuwa kila dakika anayobaki wa moto ubongo wake unaharibika. Parasetamoli haishushi joto la namna hiyo.

Mstaafu wa Migodi

Nitasema tofauti, na vijana msinikasirikie.

Lubumbashi si Bamako. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, usiku wa mwezi wa kumi mtu bado hulitafuta shuka, na lile joto la mchana linalozunguka nyuzi 32 au 33 tunalijua tangu utoto wetu. Kule Mali, mwanzoni mwa Aprili 2024, mji wa Kayes ulifika nyuzi 48.5, na hospitali ya Gabriel Touré mjini Bamako ikatangaza vifo 102 katika siku 4 za kwanza za mwezi, wakati Aprili nzima ya mwaka uliotangulia ilikuwa na vifo 130. Hilo ni janga, sibishani nalo. Lakini tukianza kuita kila kifo cha mwezi wa kumi kifo cha joto, tutawapa wakubwa mlango mpana wa kutokea: bomba lisilotoa maji litaitwa hali ya hewa, delestaji, yaani kukatiwa umeme, itaitwa hali ya hewa, na kituo kisicho na serumu ya kutundikia wagonjwa kitaitwa hali ya hewa pia.

Nimefanya kazi miaka 31, mingi yake chini ya ardhi. Niliowaona wakianguka kwa joto hawakuuawa na jua, kwa sababu huko jua halifiki. Waliuawa na mashine ya kupitisha hewa iliyokuwa imeharibika, na msimamizi aliyesema kazi iendelee.

Karani wa Katuba

Papa Mstaafu, heshima yako. Hoja ya mlango wa wakubwa naikubali. Naomba tu kujua: wale walioanguka, kwenye karatasi waliandikiwa nini?

Mstaafu wa Migodi

Malaria.

Mama wa Unga

Jambo kwenu. Mimi si mtu wa hospitali, ninauza unga wa mahindi, na kutoka kwenye meza yangu naona upande wa swali ambao hamjaugusa: Karani aliuliza habari za joto na ukame, ninyi mmejibu joto peke yake.

Wengi wetu tunakula bukari, yaani ugali, ya mahindi yanayopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema wa Zambia alitangaza kwamba ukame ni janga la taifa; hekta milioni 1 hivi za mahindi zilikuwa zimeungua, kati ya hekta milioni 2.2 zilizopandwa. Hapa kwetu hakuna aliyepiga mbiu. Mimi niliusoma ukame ule kwenye mikono ya wateja. Mama aliyekuwa akinunua mfuko wa kilo 25 alianza kununua kwa kopo, kisha kwa nusu kopo, kisha akawa anamtuma mtoto badala ya kuja mwenyewe, maana mtu mzima huona haya kukopa, na mtoto haoni. Nyumba iliyokuwa ikipika mara mbili ikapika mara moja, jioni, ili watoto walale. Na mjue kwamba kuna utaratibu wa nani anapunguziwa: kwanza mama mwenyewe, kisha binti mkubwa, baba mwisho. Sijawahi kuona nyumba iliyogeuza utaratibu huo.

Halafu mtoto aliyekuwa amekonda anapata surua au kuharisha, na siku ya tatu tunakwenda kwenye kilio. Pale kwenye kilio wanasema surua. Kwenye daftari lako, Ndugu Karani, umeandika surua. Mimi niliyekuwa nikimpimia mama yake nusu kopo nanyamaza, nitasema nini?

Daktari wa Zamu

Mama, ulichoeleza ndicho kilichokutwa Somalia. Uchunguzi uliotolewa mwezi Machi 2023 ulikadiria kwamba ukame wa kule ulisababisha vifo vya ziada kama 43,000 katika mwaka 2022, na nusu yake huenda walikuwa watoto walio chini ya miaka 5. Na hayo yalitokea bila njaa kuu kutangazwa rasmi. Ni wachache wanaokufa kwa tumbo tupu lenyewe. Mwili uliopungukiwa chakula hauna nguvu za kupambana na surua au kuharisha ambako mtoto aliyeshiba angekushinda, na kisima kikikauka familia hurudi kwenye maji ya mtoni, kwa hiyo ugonjwa na udhaifu hufika siku moja.

Papa Mstaafu, hofu yako nimeifikiria tangu jana, na naona mji wa Chicago, Marekani, unakujibu. Julai 1995 joto liliua watu wengi mjini humo katika siku chache, hata maiti zikawekwa katika malori ya barafu nje ya chumba cha maiti. Mkuu wa uchunguzi wa vifo wa Cook County, wilaya yenye mji huo, Edmund Donoghue, aliweka vigezo vyake bayana: mwili uliokutwa na joto la nyuzi 40.6 au zaidi, au mtu aliyekutwa amekufa katika chumba cha moto mkali kilichofungwa madirisha, na kadhalika. Meya Richard M. Daley alitilia shaka hesabu ile hadharani, akidokeza kwamba kwa mtindo huo kila anayekufa kiangazi atasemwa amekufa kwa joto. Ni karibu maneno yako mwenyewe, Papa, ila yeye alikuwa na kiti cha kulinda. Wataalamu waliopitia kazi ya Donoghue walikubaliana naye, na hesabu ya ziada iliyofanywa baadaye ilifika watu 739, yaani zaidi ya alivyokuwa ameandika. Na ni hesabu hiyo iliyofanya watu waulize kwa nini waliokufa walikuwa wazee maskini wanaoishi peke yao. Mtu hawezi kudai mashine ya hewa kwa ajili ya wafu walioandikiwa malaria.

Mfano mwingine, wa karibu zaidi na hali zetu. Ahmedabad, huko India, ilipigwa na joto la nyuzi 46.8 mwezi Mei 2010, na vifo vya ziada vikapita 1,300. Mwaka 2013 mji ukaanza mpango wake wa joto. Lakini kilichonigusa ni kidogo sana, nacho kilifanyika hata kabla ya mpango huo: hospitali moja ilikuwa na wodi ya wazazi kwenye ghorofa ya juu, chini ya paa lililopakwa lami nyeusi, wakaihamisha chini, na watoto wachanga wanaougua kwa joto wakapungua. Hawakuhitaji mashine mpya, walihamisha vitanda. Sasa jiulizeni mama zetu wanajifungulia chini ya paa gani.

Karani wa Katuba

Chini ya bati, Daktari. Chumba chetu cha wazazi kiko upande wa magharibi, dari yake ilianguka zamani kwa kuvuja, na kuanzia saa nane mchana wauguzi wenyewe hutoka kukaa chini ya mwembe.

Nimefanya hivi. Safu ya sababu siwezi kuibadilisha, ina sheria zake na wakubwa wake. Lakini pembeni ya ukurasa kuna nafasi ya vidole viwili, na tangu wiki iliyopita ninaandika humo kwa penseli mambo manne kwa kila anayefariki: saa aliyoletwa, kazi aliyokuwa akifanya siku hiyo, paa la nyumba yake, na kama kulikuwa na maji ndani. Kwa ajili ya Mama wa Unga nimeongeza la tano kwa watoto: nyumba inapika mara ngapi kwa siku. Familia zinajibu bila shida. Mama mmoja alisema ni mara ya kwanza mtu kumuuliza jambo ambalo anaweza kulijibu. Mkubwa wangu aliona, akauliza ni nani aliyeniagiza, nikamwambia hakuna, akaondoka bila kunikataza.

Ninachokosa ni kipimajoto cha ukutani. Tuna vya kwapani tu.

Mstaafu wa Migodi

Kipo kimoja nyumbani, cha kazini, nilikuja nacho siku ya kustaafu pamoja na kofia. Kinasoma vizuri mpaka nyuzi 60. Nitakileta Jumamosi asubuhi, na nitakitundika mwenyewe katika chumba cha wazazi, mbali na dirisha na kwa urefu wa kitanda, siyo karibu na bati, ili asije mtu akasema tumepima bati. Kuhusu Bamako sijabadili neno.